Miguu ya Yudita

Nikiwa mtoto kule Igowole, mwenzio aliweza kukutukana, hata kukupiga, yakaisha. Kukuruka miguu ilikuwa habari nyingine. Ukimkuta mtu amekaa chini kanyoosha miguu, unazunguka. Bibi yetu alisema anayerukwa hakui tena, na anachokishika hakimtii mkononi. Ukimruka kwa bahati mbaya, unarudi palepale ulipopita, unaruka kinyume, basi, mambo yamekwisha. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mimi imenichukua miaka sitini na kitu.

Walionikumbusha ni vijana wa hapa mjini ninapoishi sasa, mtaa wa Mlandege. Timu yao ya mpira wa kikapu imemchukua fowadi mpya, kijana mrefu mwembamba anaitwa Festo, na tangu wamchukue hakuna anayekunywa chai kwa amani. Juzi nimetoka sokoni na maharage yangu, nikasimama pembeni ya kiwanja kupumzika, nikawasikia.

"Anatupia kutoka huko kote, tatu, tatu, tatu! Unataka nini tena?"

"Mazoezini hakuna anayemgusa, ndiyo maana. Jumamosi wanakuja watu wa Mbeya. Watamkunja kama waya wa kuanikia nguo."

"Na miguu ile! Korongo ana nafuu."

"Lakini mikono ile, jamani, karithi kwa nani?"

Nikamgeukia yule wa korongo. "Wewe nyama unazo, baba. Kikapu umefunga lini?"

Wenzake wakamzomea mpaka akavua kofia. Ila lile swali la mikono nililipita kimya, na jibu ninalo. Festo ni mjukuu wa Yudita, binti wa baba yangu mkubwa.

Mimi na Yudita tulisoma darasa moja, ingawa yeye kanizidi mwaka, na kimo chake kilikuwa cha mtu mzima. Shuleni tulicheza netiboli, ringi tumekunja za mianzi, na mfungaji nilikuwa mimi. Sikuwa hodari sana, lakini nafasi ilikuwa yangu. Halafu siku moja mwalimu akamwona Yudita anarusha magunzi kwenye tenga kutoka ng'ambo ya uwanja wa nyumba yetu. Gunzi la kwanza ndani, la pili ndani, la kumi ndani. Jumatatu yake nafasi ikawa ya Yudita. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga akina mama wakabishana wiki nzima kama hawa vijana: mmoja anasema kale katoto ni ufito katavunjika, mwingine anasema mwacheni, mnaona anavyolenga? Mimi hakuna aliyenibishania. Hilo liliniuma kuliko kutolewa.

Siku moja kabla ya mechi yetu na shule ya jirani, ukungu umeondoka na jua limeanza kuchoma vizuri, Yudita alikuwa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Kanyoosha miguu yake mirefu, imefika mpaka mlangoni. Nikatoka ndani na ndoo. Nafasi ya kuzunguka ilikuwepo, nisidanganye. Nikamruka.

Bibi aliniona. "Rudi ulikotoka."

"Sijamruka, Bibi. Nimempita tu."

"Nimesema rudi, mtoto wewe!"

Yudita aliacha kupukuchua. Alinitazama, akingoja. Mimi nikatia ndoo kichwani nikaenda zangu mtoni, na niliporudi mkeka ulikuwa umeshakunjwa.

Kesho yake kila Yudita alipopata mpira aliangalia kwanza miguu yake, kisha ringi. Akakosa. Akaangalia tena chini, akakosa tena. Mwalimu akamtoa, akaniingiza mimi. Nilifunga moja, nayo iligonga nguzo kwanza. Tukafungwa. Bibi akasema, "Si nilisema?" na nyumba nzima ikakubali kwamba alisema. Yudita hakugusa mpira tena maisha yake.

Nimeishia darasa la saba, lakini sihitaji profesa wa kuniambia kwamba miguu haijui kama imerukwa. Aliyejua ni Yudita. Na alijua zaidi ya hapo: kwamba ndugu yake ameambiwa arudi, akakataa. Hicho ndicho alichoingia nacho kiwanjani. Kwa hiyo Bibi alisema kweli, ila sidhani kama alijua ni kweli ya namna gani.

Siku ile ya maharage, Yudita alikuwa kwangu. Kaja kutoka Igowole kumwona mjukuu akicheza. Nilimkuta barazani kwenye mkeka, miguu kainyoosha hivyo hivyo, sasa imevimba vifundo. Nikampa maharage achambue.

"Wanamsemaje mtoto?" akauliza.

"Wanasema ana miguu ya korongo."

"Mimi walisema ufito." Akatupa kijiwe uani. "Mdogo wangu, hivi ule mguu wako uliwahi kuurudisha?"

Nikajifanya naangalia kuku. Yeye akawa ananitazama, akingoja, vilevile.

"Dada, sasa itakusaidia nini? Unataka kukua?"

"Ruka, acha maneno."

Nikashika ukuta, nikapandisha kitenge, nikainua mguu. Nyonga ikagoma katikati. Nimebaki mguu mmoja huku, mmoja kule, na maharage yote chini yangu.

"Usinikalie!" Yudita akapiga kelele, na tukacheka mpaka machozi. Kisha nikavuka. Yudita akafuta macho, akasema, "Haya. Sasa mwambie Festo asiangalie chini."

Jioni nikamwambia. Akashangaa, "Chini kuna nini, Bibi?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana."

Jumamosi tulikwenda wote wawili, tukakaa na vijana wale wale. Watu wa Mbeya walikuwa wamejaa miili kweli. Mara ya kwanza Festo alipopata mpira peke yake, kule mbali, upande wa pili wote ukaanza kumzomea, "Korongo! Korongo!" Yudita akanishika mkono, akaubana. Mimi sikuangalia kikapu. Niliangalia macho ya yule mtoto.

Hayakushuka.

Kama mpira uliingia au haukuingia, waulizeni mashabiki. Wao ndio wanaohesabu.