Kilo zilezile, mzigo mwingine

Mwili wangu ni uleule niliooa nao!

Haya, nimedanganya.

Kila msimu wa pamba najipima kwenye mizani ya chama cha ushirika, na kilo hazijabadilika tangu ujana. Leo kliniki hapa Bariadi nikamcheka mke wangu kwa unene, mbele ya nesi.

Nesi akanizungushia futi kamba tumboni.

"Babu, kilo ni zilezile, ila misuli imepungua, mafuta yamejaza nafasi. Mafuta ya bibi yako yapo mapajani, wanawake wengi ndivyo walivyo. Haya ya tumboni ndiyo hatari kwa moyo."

Mke wangu akashika ukuta kwa kicheko. "Kumbe nimeolewa na pamba iliyotiwa mchanga ili itimize kilo!"

Chekeni tu.

"Yanapunguzika," nesi akasema. "Tembea, lima."

Jirani Masanja, jembe nililokuazima, nirudishie kesho asubuhi.