Jibu Nililowapa Wakwe

Iko siku naikumbuka kila nikiona jogoo mwekundu, mwanangu. Siku hiyo baba yake Monika na ndugu yake walifika kwetu Ikungi kuuliza habari za ukoo wetu kabla ya kukubali posa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha nne, na nilimpenda Monika hadi chakula kilinishinda. Tukawachinjia jogoo. Walipokwisha kula na kunawa, mzee akaniuliza taratibu, "Marehemu baba yako aliondoka na ugonjwa gani?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Kwetu mtu hanunui dume la mbegu bila kuuliza limetoka zizi gani, sembuse kumtoa binti yake.

Nami jibu nilikuwa nalo. Baba alifariki miaka miwili kabla ya siku hiyo, akiwa na arobaini na sita. Kwa mwaka mzima alitokwa na damu chooni, akakonda hadi mkanda ukamzunguka mara mbili. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, daktari aliniita peke yangu akaniambia jina la ugonjwa: saratani ya utumbo mpana. Sikumwambia mtu. Ugonjwa wa sehemu ile ulikuwa aibu, na majirani walishaanza kunong'ona habari za laana. Basi nikamtazama mzee usoni nikasema, "Homa ya matumbo."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa. Nikaozwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, mwanangu, ndefu kiasi kwamba nilisahau kuwa ni ya uongo. Mdogo wangu Ntandu alikuwa na miaka sita tu baba alipokufa. Alikua akijua kile nilichomwambia, na hata wanawe nikawasimulia hivyo hivyo, bila kusita.

Ntandu alikuja kuwa na mashine ya kukamua alizeti pale Utemini, na ulimi usiopumzika. Alipofika miaka arobaini na minne alianza kuona damu chooni. Alikaa nayo miezi, kisha akaniambia huku akicheka kwamba kiti cha mashine kimemchoka naye amekichoka. Mimi sikucheka. Nilimsindikiza hospitali, nikiomba Mungu iwe bawasiri.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Aliuliza mengi, mwisho akauliza kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo.

"Hakuna," Ntandu akajibu. "Baba alikufa kwa homa ya matumbo. Muulize kaka, ndiye msomi wetu."

Daktari akanigeukia. Mbele ya wakwe nilikuwa na kisingizio cha ujana, lakini sasa nilikuwa na miaka sitini na mvi kichwani. Niliona haya kuonekana mwongo mbele ya mdogo wangu. Nikajiambia nitamweleza Ntandu tukifika nyumbani, taratibu.

"Ndivyo," nikasema.

Akapewa dawa za bawasiri na kuambiwa arudi isipokoma. Damu ikapungua, ikarudi, ikapungua. Nyumbani tulifika mara nyingi, na sikusema. Tulipopewa rufaa kwenda Dodoma, ambako walimpitishia kamera kwenye utumbo mpana, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Nilimwambia ukweli akiwa kitandani. Nilitegemea anifukuze. Lakini alisema, "Ungeniambia mimi tu, kaka. Wakwe ungewaacha na homa yao ya matumbo." Baadaye akanishika mkono. "Sasa nenda ukawaambie wanangu. Usiwafiche."

Baada ya maziko niliwaambia, mbele ya Monika. Mke wangu akavuta kanga, akasema kwamba baba yake hakuamini jibu langu hata siku ile. Alishawahi kumjulia hali baba yangu, na alijua homa ya matumbo haimmalizi mtu mwaka mzima. Alimwambia Monika, "Kila nyumba ina ugonjwa wake. Kijana anakupenda, nenda. Ila ana mazoea ya kuficha."

Kwa hiyo uongo wangu haukuninunulia kitu, mwanangu. Mke ningempata tu. Nilichopoteza ni mdogo wangu.

Nami nilienda kupimwa kwa kamera ile. Dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia kipimo inachosha kuliko kipimo chenyewe. Walikuta vinyama viwili vidogo kama uyoga, wakavikata papo hapo. Daktari alisema vinyama vya namna ile vikiachwa miaka mingi huweza kugeuka saratani. Ntandu huenda alikuwa navyo akiwa bado mzima, akicheka kwenye mashine yake.

Mwanangu, uliza wazee wako waliondoka na nini, na usikubali jibu la "tumbo tu". Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani hii, usingoje damu. Mwambie daktari mapema. Mimi niliambiwa kwamba mtu wa nyumba kama yetu aanze kupimwa akiwa na arobaini, au miaka kumi kabla ya umri aliogundulika nao nduguye, ule utakaotangulia. Nawe mzee mwenzangu unayesomewa haya, mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho huweza kuwa cha mtoto wako.

Sasa imepita miaka kumi tangu maziko, na binti mkubwa wa Ntandu ametimiza thelathini na minne, umri wake wa kuanza kupimwa. Wiki ijayo tunakwenda Dodoma. Nilimwambia nitamsubiri nje, akakataa. "Utaingia nami, baba mkubwa. Faili la ukoo ni wewe."

Nitaingia, na nikiulizwa nitajibu. Mungu akupe tumbo zima, mwanangu, na ndugu wasiokuonea haya. Uzeeke hadi wajukuu wachoke kukuamkia.