Mkono Utosini

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, na nikishika kitana hata leo hunirudia. Nilikuwa msichana wa umri wako, pengine chini kidogo, nikisuka nywele pale Kenyatta Market katika kibanda cha mama mmoja tuliyemwita Mama Shiru. Lakini kabla sijafika huko, nikuambie kwanza kwa nini nimeamua kusema, maana tangu Jumapili nilipotoka kwako Kileleshwa nimekuwa nikiongea peke yangu hapa Dagoretti Corner, mpaka jirani akaniuliza kama niko sawa.

Ulitualika tusherehekee cheo chako kipya. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Mtoto niliyemlea kwa kusuka vichwa vya watu sasa ana ofisi katikati ya jiji, ghorofa ya mwisho kabisa, mahali ambapo lifti hufika ikakosa pa kwenda. Wageni wakakupongeza, wakasema umefika kilele. Kisha Mercy, yule binti anayekusaidia kazi za nyumbani, akaleta chai ikiwa imepoa kidogo, nawe ukasema mbele ya watu wote, "Huyu hata chai imemshinda." Wageni wakacheka, na wewe ukacheka nao. Nilimfuata jikoni nikamkuta anaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Akaniambia kama anayemwambia nyanya yake, "Shosho, mwezi ikiisha mi narudi nyumbani. Usimwambie." Basi nimekuambia, na nitamwomba msamaha mwenyewe.

Wenzako walisema kilele, na si vibaya. Mlima una kilele, mti una kilele, hata sherehe ina kilele chake. Lakini mwili wa mtu, mwanangu, hauna kilele. Una utosi, pale juu katikati ya kichwa, pasipo na kitu kingine juu yake isipokuwa kofia na Mungu. Na jua likipanda likasimama juu kabisa, saa sita mchana, tunasema ni jua la utosi. Yaani hata jua lenyewe tumelipimia kichwa cha mtu. Neno hilo lilianzia wapi mimi sijui, waulize wenye kamusi. Ninachojua ni mahali nilipofundishwa maana yake.

Kama unavyojua, pale sokoni kichwa kimoja hakisukwi na mtu mmoja. Mteja akiketi, wasusi watatu au wanne wanamzunguka, huyu kisogoni, huyu panja la kulia, huyu la kushoto, wote wakipanda mpaka wakutane utosini. Mama Shiru ndiye aliyechagua wa kufunga utosi, kwa sababu kazi ya pale juu ndiyo inayoonekana kwanza. Wakati huo alitaka kufungua kibanda cha pili, na sote tulijua kwamba anayemkabidhi utosi ndiye atakayemkabidhi kibanda. Nilikitaka kibanda kile kuliko chakula. Aliyenitia wasiwasi ni Akinyi, msichana mpole aliyetoka upande wa Siaya, ambaye vidole vyake vilikwenda taratibu kama mtu anayechambua mchele.

Basi siku hiyo akaja mama mmoja kijana na mtoto mchanga. Kesho yake mtoto alikuwa anabatizwa, na mama alitaka apendeze, maana tangu ajifungue hakuwa ametoka nyumbani. Tukamzunguka. Nikaamua kwamba leo nitafika juu kabla ya Akinyi, liwalo na liwe. Nilikaza kila rasta mpaka ngozi ikainuka, na Akinyi aliposogeza mkono wake karibu na utosi nikausukuma kwa kiwiko. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka na wala sikuwa nikitafuta baraka. Yule mama aling'ata mdomo. Machozi yakamshuka, akayafuta kwa shuka la mtoto, wala hakusema neno.

Mama Shiru alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha uji. Sikujua kama anatazama.

"Nekesa," akaniita. "Acha hiyo nywele. Shika mtoto."

Nikampakata. Akauchukua mkono wangu, mikono yake ikinuka mafuta ya nywele, akauweka juu ya kichwa cha yule mtoto, pale katikati. "Pole pole. Unaskia?"

Nilihisi kitu kikidunda chini ya kiganja changu. Ngozi tu, na chini yake uhai wote wa mtoto ukipanda na kushuka. Niliogopa hata kupumua.

"Hiyo ni utosi," akasema. "Hapo ndio juu kabisa ya mtu, na ndio laini kushinda mahali pote. Huyu mama alianza hivyo. Hata wewe ulianza hivyo. Sasa mkono yako imefika juu ya mtu, na unamvuta kama ng'ombe ya soko. Fungua zote zenye umesuka."

Nikazifumua moja moja mbele ya wateja wote, masikio yakiniwaka moto. Nilipomuuliza yule mama kwa nini hakusema anaumia, alinijibu kwa sauti ya chini, "Niliogopa mkikasirika mtaniacha nusu. Sasa ningeenda kanisa aje?" Mwanangu, neno hilo limekaa nami kuliko hata ukali wa Mama Shiru. Mtu akiwa mikononi mwako, kunyamaza kwake kusikudanganye ukadhani haumii.

Kibanda alipewa Akinyi, nami nikapelekwa kuwa chini yake. Nilinuna. Nilikwenda siku ya kwanza nikiwa nimejiandaa kudharauliwa, maana ningekuwa mimi ningemdharau. Na unajua kinyozi hajinyoi, kichwa changu kilikuwa msitu. Akinyi akaniangalia, akavuta kiti. "Nekesa, kaa hapa nikusuke. Na hiyo kichwa utafukuza wateja." Akaanza kisogoni, akapanda bila haraka. Alipofika utosini akasema, "Ikiuma uniambie."

Nililia, mwanangu. Hakikuuma kitu. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu aliyekuwa juu yangu, na tangu siku hiyo nilimfanyia kazi Akinyi kwa moyo wangu wote mpaka alipostaafu.

Watu wenye kijicho watakuambia aliye juu mngoje chini. Mimi sikungoji chini. Kaa huko juu, na upande tena, lakini usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wewe ulikulia chini ya kiti changu ukiokota nywele zilizoanguka, na vidole vyako vilijua kusuka kabla havijajua kushika kalamu.

Nasaha yangu ni hii. Jumamosi usiende popote. Mketishe Mercy umsuke wewe mwenyewe. Mwombe radhi ukiwa nyuma yake, kama kumtazama usoni kutakushinda. Anza kisogoni, usikimbilie juu. Ukifika utosini mwambie, "Ikiuma uniambie," kisha nyamaza umngoje ajibu, maana anaweza kuwa na mengi. Akisema bado anataka kwenda, mwache aende na kichwa kizuri na moyo mwepesi. Na ofisini kwako pia, wale walio chini yako, waulize hivyo hivyo.

Mimi nitakuja na mafuta. Ukimaliza kumsuka, utaketi wewe kwenye kiti hicho hicho, nami nitakuombea: Mungu aliyekupandisha akushike, usikose wa kula naye chakula chako, na mkono wako uwe mwepesi juu ya kila kichwa utakachokabidhiwa. Nitakuombea hivyo mkono wangu ukiwa utosini mwako, pale palipokuwa pakidunda siku niliyokuleta nyumbani.