Mkaushaji Chai Anayelinda Joto la Filta

Saa sita mchana, jua la Kabianga likiwa utosini, Jonah Ogada ameinama juu ya kisanduku cha bati akisoma kipimajoto. Sindano haijasogea. Anavuta kiti, anaketi. Dakika tano baadaye anainuka kuisoma tena.

"Hii kitu ni kama mtoto mchanga," anasema. "Ukiiacha kidogo tu, inakuaibisha."

Kitu chenyewe ni filta ya kituo kidogo cha utafiti kilicho mlimani, juu ya mashamba ya chai. Kituo hurusha mwali wa leza kilomita tisini angani, kisha husubiri chembe chache za mwanga zirudi na habari za joto na upepo wa huko. Usiku kazi hiyo ni rahisi. Mchana, jua huzimeza chembe zote. Ndani ya filta mna kichupa cha kioo chenye mvuke wa sodiamu. Kikipata joto lake barabara, hupitisha rangi ile moja ya leza na kulifungia jua mlango.

Ogada, mwenye umri wa miaka 52, hakusomea hayo. Alitoka Nyakach akiwa kijana, akasimamia draya, mashine ya kukaushia majani, katika kiwanda cha chai miaka kumi na tisa, hadi alipopunguzwa kazi mwaka juzi, 1994. Mhandisi Tecla Cheptoo, msimamizi wa kituo, alimwajiri kwa sababu moja: mtu aliyekausha chai bila kuiunguza anajua joto.

Ujuzi huohuo ndio uliomponza. Desemba iliyopita stima, yaani umeme, ilipotea. Kwenye draya, stima ikipotea unafungua milango upesi, majani yasiungue. Mkono ukatangulia akili, Ogada akafungua kisanduku. Baridi ikaingia, sodiamu ikaganda juu ya kioo mithili ya ukungu. Kichupa cha akiba hakikuwepo.

Angeweza kusingizia stima, maana haina mdomo wa kujitetea. Badala yake alimngoja Tecla mlangoni, akamweleza yote.

"Mzee, kule ulikuwa unaogopa moto," mhandisi alimwambia. "Hapa uogope baridi."

Kwa siku tatu walikipasha kichupa polepole, wakianza na ncha zake, hadi ukungu ukahama. Mkewe, Wilkista, anayechuma chai, anacheka akikumbuka: siku hizo mumewe alikula ugali bila kujua mboga ilikuwa gani.

Sasa kituo kinatakiwa kupata siku thelathini za vipimo vya mchana kabla mvua ya Machi haijafunga anga. Zimepatikana ishirini na mbili. Zisipotimia, wafadhili wataihamishia filta nchi nyingine.

Ogada anaipenda kazi hii, wala hafichi. Filta ikibaki, anapanga kumwomba mhandisi aagize kichupa cha pili. Na ikiondoka? Anapangusa kifuniko kisicho na vumbi.

"Nimeomba kitu moja tu," anasema. "Wasitume mtu wa kuizima. Nitaizima mimi mwenyewe, na nitachukua siku mzima, baridi isiishtue."