Filamu ya Kriketi kwa Masikio ya Baba

Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video pale Manzese. Nakaa mbele na maikrofoni, picha inatembea, nami natia Kiswahili juu yake. Na chumvi natia, tena ya kutosha, maana bila chumvi watu hawaji. Jambazi wa Kikorea nitamfanya kazaliwa Mbagala, na banda zima litacheka.

Baba hakuwahi kucheka. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mtunza uwanja wa kriketi: kumwagilia, kukata nyasi, kusukuma rola la chuma mpaka ardhi inyooke kama meza. Sasa presha ya macho imemmaliza, haoni kabisa. Nilipopata filamu ya matukio ya kweli ya timu moja ya kriketi ya nchi ya mbali iliyofufuka na kushinda mechi ambayo kila mtu alishaizika, huku mji wao ukiwaka ghasia, nikampelekea nyumbani kwake Boko Jumapili mchana.

“Leo nisimulie kama ilivyo,” akasema baada ya kuitikia shikamoo yangu. “Usiniletee zile za Manzese. Mie sina macho ya kukusahihisha.”

Feni ilizunguka polepole, pazia likajaa upepo na kunywea. Nikawa naongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeota. Wapigaji karibu wote wameshatolewa, nikamwambia, wamebaki wawili. Moshi wa matairi unaingia kutoka barabarani na kupita juu ya uwanja.

“Nyasi zikoje?”

“Kijani, baba. Pale katikati pamekauka, rangi ya biskuti.”

Akatabasamu. Mikono yake ikasogea mbele taratibu juu ya magoti, ikisukuma kitu nisichokiona. Mpira ukapigwa, ukapanda, ukapotelea kwenye moshi, na kwa muda sikujua kama niko Boko au wapi. Walishinda. Nilipiga kelele peke yangu. Nilimpenda baba mchana ule kuliko siku nyingine yoyote.

Kisha nahodha wao, sasa mzee, akaeleza mbele ya kamera, kwa lugha asiyoijua baba, kwamba jioni ileile mtunza uwanja wao aliuawa njiani akirudi nyumbani. Nikamtazama baba. Tabasamu lilikuwa bado lipo.

“Anasema walimbeba mtunza uwanja mabegani,” nikasema, “wakamzungusha uwanja mzima.”

“Mbona analia?”

“Furaha, baba.”

“Hiyo si furaha. Nilikuomba kitu kimoja tu.”

Aibu ilinishika mpaka masikio yakachemka. Nikarudisha filamu nyuma, nikamwambia yote: baiskeli ya yule mtunza uwanja, kundi la watu, mawe. Baba alisikiliza bila kunikatiza.

“Na kesho yake,” akauliza, “uwanja alimwagilia nani?”

Filamu haikusema. Nikamwambia, haikusema.