Gorenji Mbele ya Baba Cindy

Nyumbani kwa Maximilla kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: baba hahukumiwi mbele ya watu. Ukiwa na neno juu yake ulimwambia jikoni, mlango umefungwa, kisha ukanyamaza. Awinja, binti yake, aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na tisa. Aliivunja Jumapili moja ya mwezi wa Juni, saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa pale Amalemba, na hakulitaja jina la baba yake hata mara moja.

Baba huyo aliitwa Were, lakini watu wote walimwita Baba Cindy. Alikuwa dereva wa pikapu hadi alipostaafu, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa kamati za mazishi, kuanzia mjini Kakamega hadi Navakholo. Ukifiwa, alifika kabla hujamaliza kulia. Alitafuta hema, akapanga watakaochota maji, na siku yenyewe alisimama na kipaza sauti na daftari lake la jalada jeusi akasoma wasifu wa marehemu: watoto wote kwa majina, umri wa kila mmoja, darasa la kila mmoja. Hakukosea hata nukta. Familia zilimsifu kwa daftari hilo kuliko kwa hema.

Awinja alilichukia. Cindy, ambaye jina lake watu walimwitia baba, alikuwa dada yake mkubwa. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja alishikwa na homa siku ya Ijumaa. Pikapu ilikuwa imeondoka alfajiri kupeleka jeneza la mtu mwingine Navakholo, mvua ikaiharibu barabara ya murram isiyo na lami, na baba akalala huko huko kwa wafiwa. Maximilla alimbeba mtoto mgongoni hadi stendi ya boda boda. Walipofika hospitalini Cindy alikuwa hawezi tena kuzungumza. Alifariki Jumamosi asubuhi.

Kwenye mazishi, baba alishika kipaza sauti mwenyewe, kwa mazoea, mikono mitupu. Akasema, "Binti yetu alikuwa darasa la saba."

Cindy alikuwa darasa la tano. Awinja, aliyekuwa na miaka minane, alimvuta mama yake sketi amwambie. Mama alimfinya mkono. "Nyamaza. Baba hahukumiwi mbele ya watu."

Akanyamaza. Lakini kunyamaza si kusamehe, na hakuna aliyemfundisha tofauti.

Kitu kimoja zaidi kilibaki kwake kutoka kwa Cindy. Jirani yao, Mama Zeituni, alikuwa na televisheni, na kila jioni dada hao wawili walikaa kwenye mkeka wake kuangalia katuni za Kijapani za shujaa aitwaye Gorenji. Gorenji alikuwa na nywele nyeupe na ngumi za moto, akipigana na majitu ya barafu kule mwisho wa dunia. Alikuwa pia na binti, Mika, aliyemngoja dirishani karibu kila kipindi. Awinja alikuwa akinuna.

"Huyu baba yake hakujangi?"

"Anakujanga," Cindy alimjibu. "Amechelewa tu."

Mwaka huu, vijana wa kanisa walipoanza kumwangalia Gorenji upya kwenye simu zao, kiongozi wao, Mukhwana, alimfuata Awinja shuleni anakofundisha.

"Mwalimu, tuna mdahalo Siku ya Akina Baba. Hoja ni kwamba Gorenji ni baba mwema. Tusaidie upande mmoja."

"Jaji ni nani?"

"Baba Cindy. Na baada ya mdahalo tunamvisha koti la Baba wa Mwaka. Lakini hiyo ni siri, usimwambie."

"Siwezi kumwambia," Awinja alisema. "Niandike upande wa kupinga."

Mtu mwenye hasira huropoka. Awinja hakuropoka. Kwa wiki tatu aliangalia vipindi vyote tangu mwanzo, kalamu mkononi, akichagua makosa ya Gorenji yaliyofanana na ya baba yake na kuyaacha yasiyofanana. Mara mbili alimsikia Cindy kichwani akisema amechelewa tu. Aliongeza sauti ya simu.

Siku ikafika. Baba Cindy aliketi mezani mbele, tai shingoni, daftari jeusi kando ya mkono wake. Maximilla alikuwa safu ya kwanza, kitambaa kipya kichwani, kwa maana yeye siri ya koti alikuwa ameisikia.

Eugene, mwanafunzi wa chuo kikuu, ndiye aliyemtetea shujaa. "Ndugu jaji, Gorenji ameokoa dunia mara nne! Mimi baba yangu hajaokoa hata kuku wetu!"

"Na karo unayokula ni ya nani, wewe?" baba yake alipaza sauti kutoka nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko. Baba Cindy mwenyewe alicheka hadi akafuta macho.

Kisha Awinja akasimama.

"Ndugu jaji, sitakataa kwamba Gorenji ni shujaa. Kijiji kikilia, anafika. Swali letu ni Mika anamngoja wapi. Katika kipindi cha tisa, nyumba ya Mika inashika moto. Gorenji yuko wapi? Yuko mbali, anawabeba watu wasio wake. Wanamshukuru, wanampa chakula, analala huko."

Watu waliendelea kutabasamu. Maximilla aliacha kutabasamu.

"Gorenji anajua majina ya wapiganaji wote walioanguka. Ameyaandika kwenye mkanda wake, na anayasoma mbele ya watu kwa sauti nzuri, watu wanalia. Lakini katika kipindi cha ishirini na sita mzee mmoja anamuuliza, binti yako ana miaka mingapi? Na Gorenji anataja miaka isiyo yake. Anamkosea mtoto wake mwenyewe, ndugu jaji. Mbele ya umati. Na umati unampigia makofi."

Sasa hakuna aliyecheka. Wazee waliokuwapo kwenye mazishi yale walianza kuangalia sakafu. Mama Zeituni alitikisa kichwa polepole, akimwomba kwa macho aishie hapo.

Awinja aliona yote hayo, na aliona pia uso wa baba yake ukibadilika, na akalipenda badiliko lile. Hili halina haja ya kupambwa. Alikuwa amelingoja tangu akiwa na miaka minane.

"Mtu wa namna hii mnaweza kumvisha koti," alimalizia. "Lakini msimwite baba."

Aliketi. Neno koti lilikuwa limemponza Mukhwana, aliyekuwa mlangoni amelishikilia koti lenyewe likiwa ndani ya karatasi ya zawadi. Hakujua aingie au atoke.

Baba Cindy alichukua muda mrefu kusimama. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, na yeye, mtu aliyekizoea kuliko kijiko, hakukigusa.

"Upande wa kupinga umeshinda," alisema. "Gorenji ana hatia." Akaweka kiganja juu ya daftari. "Cindy alikuwa darasa la tano. Nilisema la saba. Ninajua nilichosema."

Alimgeukia binti yake. "Umesema vizuri, mwanangu. Ungeniambia nyumbani, ningekubali vilevile."

Akatoka kwa mlango wa kando. Daftari alilisahau mezani, au aliliacha.

Mukhwana alijaribu kuanzisha wimbo, haukushika. Watu walitoka wawili wawili bila kusalimiana. Maximilla alibaki kwenye kiti chake mpaka ukumbi ukabaki na wao wawili, ndipo akaja mezani.

"Sikumtaja, Mama," Awinja alisema. "Nimemhukumu Gorenji."

"Usinifanye mjinga. Mimi ndiye niliyekuzaa." Maximilla alilifungua daftari ukurasa wa kwanza, akaligeuza. "Soma."

Wino ulikuwa umefifia. *Cindy Were. Miaka kumi na mmoja. Darasa la tano. Muulize mama mtu kwanza.*

"Alilinunua wiki mbili baada ya kumzika," mama alisema. "Kabla ya kusoma jina la mtoto wa mtu yeyote, huo ndio ukurasa anaouangalia kwanza. Usiku wa mazishi yale alilia jikoni kwangu mpaka nikaogopa. Nilimwambia maneno ambayo wewe leo huwezi kuyafikia. Nilimwambia yote, mlango umefungwa. Kisha nikamsamehe. Ulidhani sheria ile niliiweka kwa ajili yake? Niliiweka ili yaliyosemwa jikoni yatoshe."

"Mimi hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

Awinja aliusoma ukurasa tena. Hakuwa ameuliza kamwe. Miaka kumi na tisa jikoni kulikuwa na mlango na alikuwa na ruhusa ya kuufunga, naye alichagua ukumbi.

Maximilla alilifunga daftari, akaliweka kwapani. "Jumapili nilikuwa nakupikia ingokho, kuku wa kwetu," alisema. "Usije tena. Nikikuona mezani nitamwona yeye akitoka kwa ule mlango."

Mwezi wa Agosti wazee hao wawili walihamia shambani Navakholo. Baba Cindy hajasoma wasifu wa mtu tena. Anaombwa, anasema macho yamechoka. Kamati zimepata mwenyekiti mwingine, ambaye katika mazishi ya majuzi aliruka watoto wawili wa marehemu. Awinja amepiga simu, na mama hupokea, huuliza kama ni mzima, kisha hukata. Ameenda mara moja na boda boda hadi kwenye lango, na aliyetoka kumfungulia alikuwa jirani wa shamba la pili, aliyeambiwa amwambie hawapo. Nguo za baba zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, bado zikidondosha maji.

Kisasi chake kilichukua dakika saba. Baba yake yuko hai, mama yake yuko hai, na Awinja hana mzazi wa kumtembelea.