Jina la Mama Aliyemzaa Milembe

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, miaka ile ya tisini tulipokuwa tunaishi Kahama. Mama yangu aliuza mchele sokoni, na kwa muda mrefu alitamani kutupandisha meli pale Mwanza, tuvuke ziwa mpaka Uganda, tutembee tu. Likizo ilikuwa imekaribia. Mimi, mkubwa, nilishapata pasi yangu. Wadogo zangu wangeandikwa kwenye ya Mama. Chanjo ya homa ya manjano tulishachomwa sote.

Aliyebaki ni Milembe. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Mama, yatima wa baba na mama, tuliyemlea tangu ananyonya. Alizaliwa nyumbani, kijiji kimoja cha huko Runzewe, na cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho.

Mimi nikaona jambo jepesi. "Mama, si useme tu umemzaa wewe? Mbona yeye mwenyewe anakuita Mama?"

Mama aliacha kupepeta mchele. "Yaya, Kabula," alikataa kwa Kisukuma. "Nimemlea, ila sikumzaa. Aliyemzaa alikuwa na jina lake. Nikilifuta kwa ajili ya matembezi, nitakuwa nimemzika mdogo wangu mara ya pili."

Kesho yake akapanda basi kwenda Runzewe. Akamtafuta bibi aliyemzalisha marehemu, akaongozana naye kwa mtendaji wa kijiji kutoa ushahidi. Baada ya hapo, kwenye ofisi ya vyeti ikawa njoo kesho, njoo wiki ijayo. Majirani wakamshauri amwache Milembe kwao. Mama akasema tutakwenda wote au tutabaki wote. Basi likizo ikaisha, meli ikaondoka bila sisi. Wadogo zangu walilia, mimi nikanuna, na Mama, ambaye alikuwa na hamu ya safari hiyo kutuzidi sote, akarudi sokoni kuuza mchele wake.

Tulisafiri likizo nyingine, cheti na barua ya ulezi vilipokwisha kupatikana. Bandarini, ofisa wa uhamiaji akasoma cheti cha Milembe, akamtazama Mama.

"Mama wa mtoto ameandikwa Sado. Ni wewe?"

"Hapana, baba. Sado ni mdogo wangu, marehemu. Barua ya ulezi hii hapa."

Milembe akadakia, "Sado ndiye aliyenizaa. Huyu ndiye mama anayenilea."

Yule ofisa akagonga muhuri, akarudisha karatasi kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Piteni."

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu, machozi yakimlengalenga.

Na wewe, mwanangu, nasikia unataka kuwapeleka wanao kwenye meli. Anza mapema. Tazama pasi zisiwe karibu kuisha muda, kila mtoto awe na cheti chake, chanjo zao zikamilike, na mzazi atakayebaki nyumbani aandike ruhusa. Na huyo mtoto wa marehemu dada yako unayemlea, usimpitishe kwa uongo hata ukiambiwa ni rahisi. Afadhali mchelewe. Mungu awavushe salama, awarudishe wote, na kila mtoto wako ajue anakotoka.